Umehitimu Nini?

Novemba ikifika, Westlands hapa Nairobi huwa na kicheko chake. Hukisikia saa ya chakula cha mchana, katika ofisi za ghorofa za juu zinazotazama Waiyaki Way, pale mtu anapotoa simu awaonyeshe wenzake picha: mtoto wa miaka mitano, joho jeusi linazoa vumbi, kofia ya pembe nne imemwangukia machoni, na nyuma yake bango la nasari moja ya mtaa wa jirani wa Kangemi lenye neno grajuesheni kwa herufi kubwa. "Haya, grajueti huyo," husema mwenye simu. "Digrii ya kupaka rangi." Watu hucheka. Kisha mmoja wao, mara nyingi mwenye cheo, hutoa hukumu ambayo hapa mjini imekuwa kama dua ya kufungia mkutano: neno limechezewa, zamani grajueti alikuwa mtu, leo kinyozi ana grajuesheni, fundi cherehani ana grajuesheni, mtoto wa chekechea ana grajuesheni, na tukienda hivi shahada itakuwa karatasi ya kufungia njugu.

Kazi yangu ni tafsiri, na humo ofisini huniita mwalimu. Basi macho hunigeukia mimi. "Mwalimu, si wewe ndiwe wa kutetea lugha?" Kwa miaka nilikuwa nikiitikia amina. Joho langu lilimgharimu baba yangu ng'ombe wawili na kipande cha shamba, na sikupenda kuliona limekatwa kwa kipimo cha mtoto anayenyonya kidole. Siku hizi siitikii. Kwamba neno limeibiwa, nakubali. Ila mwizi tumemtafuta Kangemi, na Kangemi hayuko.

Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, gradus, yaani hatua, au kipandio cha ngazi. Chuo kikuu hakimo ndani yake. Mna mguu unaotoka kipandio cha chini ukakanyaga cha juu, basi. Ndugu zake wametapakaa katika maisha yetu na hakuna anayewaonea haya: greda linalosawazisha barabara, gredi za chai kwenye mnada wa Mombasa, ile kodi ya kichwa ambayo Waganda waliilipa kwa viwango vya mapato hadi ikaondolewa mwaka 2005, nayo kwa Kiingereza ilibeba jina hilo hilo. Fundi wa umeme wa Kangemi akikwambia ana gredi mbili, anazungumzia mtihani wa ufundi wa serikali, unaoanzia gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza. Na tangu mtaala wa umilisi uanze kuingia shuleni mwaka 2017, Wizara ya Elimu yenyewe imemtia kila mzazi wa Kenya Kilatini mdomoni. Tulizoea kusema mtoto yuko darasa la nne; sasa yuko Gredi ya Nne. Serikali inaita kila mwaka wa mtoto kipandio, kisha sisi tunashangaa mtoto akisherehekea kupanda!

Wanaolielewa neno hili sawasawa, kwa maoni yangu, ni wapangaji. Mtaani husikia mtu akisema amegrajueti kutoka singo hadi bedsita, au kutoka jiko la makaa hadi gesi, au kutoka mkokoteni hadi kibanda chenye mlango. Anatania, lakini utani wake una Kilatini safi kuliko hukumu ya mkubwa wangu wa ofisi, maana anataja kipandio alichotoka na alichofika. Ukimsikiliza unajua amepanda wapi.

Mkubwa wangu, nilipomwambia hayo, alikimbilia Kiingereza sanifu. Grajueti, akasema, ni mwenye digrii. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo kamusi inavyosema. Kamusi ipi? Ya Uingereza, sawa, kwa kiasi kikubwa hushika njia hiyo. Vuka bahari hadi Marekani utakuta kijana wa sekondari anayemaliza mwaka wa mwisho anaitwa grajueti bila mtu kukohoa, na huvaa joho na kofia ile ile. Nairobi ilirithi mazoea ya kisiwa kimoja kwa sababu za historia. Chuo cha kwanza cha ngazi ya juu hapa mjini kilifunguliwa mwaka 1956, na kuanzia mwaka 1961 wanafunzi wake walisomea shahada za Chuo Kikuu cha London. Mazoea si dhambi. Lakini mtu akinyanyua desturi ya kisiwa akaiita maana ya kweli ya neno, hapo lazima nimrudishe.

Tena hicho chuo cha 1956 kiliitwaje? Kiliitwa Royal Technical College, chuo cha ufundi, na ndicho kilichokua kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Makerere, mama wa vyuo vyetu vyote, ilianza mwaka 1922 na vijana 14 waliokuja kujifunza useremala, ujenzi na umekanika. Miaka miwili baadaye, hapa jirani Kabete, ukoloni ulifungua kituo cha kuwafundisha Waafrika kazi za mikono. Nacho kingalipo kando ya Waiyaki Way, sasa kikiitwa politekniki ya kitaifa. Makerere na Kabete walianza na randa na msumeno. Mmoja alipata joho, mwingine akabaki na ovaroli, na leo mjukuu wa randa anamcheka fundi cherehani kwa kusherehekea kumaliza kozi yake.

Hayo yote ni upande wa Kiingereza. Upande wa Kiswahili ndiko hukumu ya Westlands inakoanguka kifudifudi.

Sisi grajueti tunamwita mhitimu, na tendo lake ni kuhitimu. Kitenzi hiki kimetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kumaliza na kutia muhuri. Nani alikitumia kwanza kwetu? Hakuwa profesa. Makerere haijaota hata msingi, watoto wa Lamu, Mombasa, Pate na Unguja walikuwa wakihitimu. Mtoto aliketi chuoni na ubao wake, akafunzwa alifu na be, akapanda juzuu baada ya juzuu, na siku aliyofika mwisho wa juzuu ya 30 ikasemwa kwamba fulani amehitimu. Nyumbani kukapikwa. Mwalimu akapewa chake. Mtoto akavishwa nguo mpya, akatembezwa majirani wamwone. Aliyehitimu hakuwa mtu mzima mwenye ndevu na mkopo wa elimu. Alikuwa mtoto, pengine meno ya mbele hayajarudi.

Na hilo chuo nalo! Kabla ya kuwa majengo ya ghorofa yenye lango na askari, chuo kilikuwa baraza ya nyumba ya mwalimu, mkeka, na sauti za watoto zinazosikika mtaa wa tatu. Tulipotaka jina la taasisi zilizoletwa na Waingereza tulichukua chuo cha watoto tukakiongeza ukubwa: chuo kikuu. Tulipotaka neno la kumaliza huko tukachukua kitenzi cha watoto hao hao. Kwa hiyo mkubwa wangu anapomwona mtoto wa Kangemi katika joho na kusema ameazima kisicho chake, mimi namwona profesa akitembea na kitenzi cha mtoto, na nyumba ya mtoto, na hajawahi kusema asante.

Fundi naye hakuachwa nyuma. Pwani, kijana aliyewekwa kwa fundi ajifunze kazi, iwe useremala au ushonaji, alipoiva alimpa mwalimu wake kilemba. Kilikuwa zawadi ya kukamilisha mafunzo, mara nyingi fedha, lakini jina lake ni lile la nguo ya kichwani. Baada ya kilemba kijana alikuwa fundi, anaweza kusimama peke yake. Nikimsikia mtu akisema sherehe za chuo cha ususi ni uigaji wa chuo kikuu huwa nacheka peke yangu. Aliyemaliza ufundi alikuwa na heshima yake kabla ya ile kofia nyeusi kushuka kwenye meli.

Kuhusu kofia yenyewe nitarudi.

Kitu kimoja kiliwaunganisha mtoto wa chuoni na kijana wa kilemba: ukiambiwa amehitimu, ulikuwa na haki ya kuuliza amehitimu nini, na jibu lilikuwepo. Amehitimu Msahafu. Amehitimu useremala. Hata kwa wanavyuoni wakubwa mambo yalikuwa hivyo. Sheikh aliyempa mwanafunzi ijaza alimruhusu kufundisha kitabu fulani alichokisoma mbele yake, na ijaza ikataja kitabu na ikataja nani alikipokea kutoka kwa nani, kizazi kwa kizazi. Aliyesoma sarufi kwa sheikh mmoja hakudai kwamba kwa sababu hiyo yeye ni mtu wa fiqhi pia. Ijaza haikumfanya mtu awe wa tabaka; ilimfanya awe na jambo analoliweza, na jambo hilo lina jina.

Hapa ndipo mwizi alipopita. Nairobi ilichukua kitenzi ikakigeuza jina la mtu. Tukaacha kusema amehitimu hiki au kile, tukaanza kusema yeye ni grajueti, kama asemavyo mtu kwamba fulani ni Mkamba au fulani ni Mgiriama. Jina halina swali nyuma yake. Ukiambiwa mtu ni grajueti huulizi wa nini, unampisha kiti. Ndoa zinapangwa kwa neno hilo. Matangazo ya kazi yanaandika "awe grajueti" na kuishia hapo, kwa kazi ambayo mtu yeyote aliyemaliza sekondari na mwenye subira angeiweza. Katika matanga ya kwetu, msoma wasifu wa marehemu hushusha sauti akifika kwa watoto ambao hawakuipata digrii, akaipandisha tena akimfikia aliyeipata.

Siku moja nilimuuliza mwenzangu, yule wa digrii ya kupaka rangi, "Wewe ni grajueti wa nini?"

Akanitajia chuo kikuu.

"Hapo ni wapi. Nimeuliza nini."

Akataja shahada, somo la biashara lenye jina refu. Nikamuuliza ni jambo gani alilihitimu humo, jambo ambalo kabla ya kuingia hakuliweza na alipotoka akaliweza. Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotaka. Sikumuuliza ili nimwaibishe. Nilijiuliza mimi pia usiku huo, na jibu langu lilinichukua hadi karibu na alfajiri.

Siasa zetu zimelifanya jina hili kuwa lango. Sheria ya Uchaguzi inamtaka anayewania ugavana awe na shahada ya chuo kikuu chochote kinachotambuliwa, na somo lolote. Kuna wakati Bunge lilitaka hata wawakilishi wa wadi wawe nayo, hadi Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilipoamua takwa hilo ni kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Nairobi nzima ilitumia miezi kubishana iwapo Johnson Sakaja, aliyekuwa akiwania ugavana, alikuwa na shahada halali ya Team University ya Uganda. Yeye alishikilia kwamba anayo, kesi zikafika mahakamani, akabaki kwenye karatasi ya kura, akashinda. Nilifuatilia sakata hilo kila siku kama watu wote. Sikumsikia mtu hata mmoja, mfuasi wala mpinzani, akiuliza shahada hiyo ilikuwa ya kujua nini, na kama inasaidia mji ambao mabomba yake ya maji hukauka Kangemi huku bustani za Kitisuru zikinyunyiziwa, na zote ziko katika eneobunge moja la Westlands. Tulibishana kama anaingia kabilani au haingii.

Na lango likishakuwa la jina tu, karatasi ndiyo ufunguo, na ufunguo huchongwa. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi katika taasisi za serikali umefichua watu 2,067 wenye vyeti ghushi. Wengine walikuwa wamekaa kazini miaka. Watetezi wa heshima ya grajueti walinirukia na takwimu hiyo: unaona, neno likilegezwa matapeli huingia! Mimi naisoma kinyume. Nasari za Kangemi hazikumfundisha mtu kughushi. Tapeli alifaulu kwa sababu mlangoni aliulizwa kama anayo, akasema anayo. Angeulizwa amehitimu nini, na akapewa meza, kalamu na saa moja aonyeshe, wengi wao wangetoka kabla chai haijaletwa.

Sasa tazama walioachwa nje ya lango. Mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 ulifanywa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, yaani alama ya kuwafungulia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Waliobaki ni zaidi ya laki saba, kwa mwaka mmoja. Ikiwa kuhitimu ni kwa wenye digrii peke yao, basi tumewaambia vijana watatu katika kila wanne kwamba hawatamaliza kitu chochote maishani ambacho mtu atapika pilau kwa ajili yake. Watajifunza kuchomelea, kusuka, kuoka, kupima damu, kutengeneza simu, na kila wanapofika mwisho wa kozi tutawacheka wakivaa joho la kukodi. Halafu tutaandaa semina hotelini, hapa hapa Westlands, tukijiuliza kwa nini vijana hawapendi vyuo vya ufundi.

Semina zimenikumbusha jambo lililonifungua macho, nalo ni la kuchekesha. Westlands na viunga vyake vimejaa mashirika ya maendeleo, na mimi hula kwa kuwatafsiria ripoti. Mashirika hayo yana mbinu maarufu ya kupambana na umaskini iliyoanzishwa na shirika la BRAC huko Bangladesh mwaka 2002. Mtu maskini kabisa hupewa mtaji, mafunzo, akiba na mtu wa kumtembelea, kwa takribani miaka miwili, kisha hupimwa. Kwetu Kenya, shirika la BOMA limeifanya kazi ya namna hii na kina mama wa Marsabit na Samburu. Na mama anapofikia vipimo, ripoti husema nini? Husema amegrajueti. Neno lile lile! Limeandikwa mara mia katika ripoti moja, na katika ofisi yetu hakuna aliyewahi kutoa simu akacheka. Mkubwa wangu mwenyewe huweka sahihi chini yake.

Nami naona wako sahihi. Mama huyo amehitimu kitu kinachotajika: alikuwa hana akiba, sasa anayo, watoto walikula mara moja kwa siku, sasa wanakula zaidi, duka lake lina bidhaa unazoweza kuzihesabu. Kapanda kipandio na kipandio kina jina. Ila basi niambiwe kwa nini neno ni halali likiandikwa na mfadhili kuhusu mama wa Marsabit, na ni kichekesho likiandikwa na mama mboga wa Kangemi kwenye keki ya mwanawe. Jibu ninalolipata ni moja, nalo si la kisarufi: mmoja katupa ruhusa ya kulitumia, mwingine hakutuomba.

Kuna hoja dhidi yangu ambazo sitazikwepa. Ya kwanza ni pesa. Zipo nasari zinazomtoza mzazi maskini joho, kofia, picha, keki na mchango wa tenti, na mtoto ambaye mamake hakulipa anakalishwa pembeni. Huo ni unyama na nitauita hivyo popote. Lakini ugomvi huo ni na bili. Vyuo vikuu navyo hutoza ada ya mahafali na kukodisha majoho, na kuna watu wazima waliomaliza masomo wakakosa jina kwenye kijitabu cha siku hiyo kwa sababu ya salio la karo. Hakuna aliyesema kwa hiyo chuo kikuu kisihitimishe watu.

Ya pili husemwa na watu wa malezi: mtoto atadhani amefika, atabweteka. Sijamwona huyo mtoto. Nimeona watoto waliohitimu PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, Novemba na Januari wako Gredi ya Kwanza wakilia kwa sababu ya penseli. Waliobweteka ninaowajua ni wa umri wangu, wana fremu sebuleni, na kitabu cha mwisho walichokifungua kilikuwa cha mtihani. Pwani tuna neno dada la kuhitimu, nalo ni hitima, kile kisomo cha kumrehemu maiti. Baadhi ya hizo fremu zingefaa kusomewa.

Ya tatu ndiyo nzito: kwamba lugha ya kazi inahitaji mipaka, hospitali lazima ijue nani daktari na nani si daktari. Nakubali asilimia mia, na mipaka ipo. Kiswahili kina astashahada, stashahada, shahada, uzamili, uzamivu. Sheria ya mwaka 2014 iliunda mamlaka ya kusimamia sifa za kitaaluma nchini, na mfumo wake una ngazi kumi. Za chini zina nafasi ya ufundi, ya kumi ni uzamivu. Ngazi kumi! Serikali imechora ngazi nzima na sisi tunang'ang'ania kwamba kipandio ni kimoja. Daktari akisema amehitimu udaktari wa binadamu, sentensi imemtosha. Anayepungukiwa ni yule ambaye sentensi yake inaishia kwenye "grajueti."

Nilisema nitarudi kwenye kofia. Mwaka jana nyuma ya Ring Road walikuwa wakimalizia jengo jingine la vioo, na nilizoea kupita pale asubuhi wakati watu wa mjengo wanaingia, wengi wao wametembea kwa miguu kutoka Kangemi kuokoa nauli. Fundi mmoja wa plasta alikuwa akifanya ukuta wa nje karibu na njia. Mkono wa kushoto ameshika kile kibao cha mraba chenye mshikio chini, mchanganyiko umerundikwa juu. Mkono wa kulia mwiko. Anachota, anapiga, anavuta, ukuta unanyooka kama karatasi. Waingereza wana jina la kibao kama hicho, na jina hilo ndilo waliloipa ile kofia bapa ya pembe nne, kwa kuwa vinafanana. Kila anayevaa kofia hiyo pale kwenye uwanja wa mahafali wa Chuo Kikuu cha Nairobi amejitwika kibao cha fundi wa plasta kichwani.

Nilimwambia. Alicheka hadi akaweka mwiko chini. "Boss, sasa wao wanabeba bila simiti?"

Nikamuuliza kama yeye ni grajueti. Akatikisa kichwa haraka, karibu kwa woga, kama niliyemsingizia jambo. "Mimi? Hapana, boss. Mimi nilifika darasa la nane." Kisha, alipoona bado nimesimama, akasema, "Lakini plasta niko na gredi two. Na huyu kijana," akaonyesha kwa kidevu aliyekuwa akikoroga mchanganyiko, "nilimfunza mwenyewe. Sasa naweza kumwachia nyumba, mimi nikachukua nyingine, tukaja kulinganisha."

Nusu dakika, na nilikuwa najua anachokiweza, nani alipima, na nani amepokea kutoka kwake. Hiyo ni ijaza. Ila jina la mhitimu alilikataa, kwa sababu tumemfundisha kwamba si lake.

Novemba iliyopita nilialikwa Kangemi. Mpangaji mwenza wa dada yangu alikuwa na binti anayemaliza PP2, na mimi nilitakiwa kuwa mtu wa kupiga picha. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, mabati juu, joto, mashosho wamevaa vitenge vya Jumapili. Majoho yalikuwa makubwa mno. Mwendesha sherehe alipotoa hotuba nilikumbuka jinsi chuo kikuu kilivyonihitimisha: mkuu wa chuo alitutangazia kwamba anatupa mamlaka ya kusoma na kutenda yote yanayoambatana na shahada hiyo. Wenye digrii wa Kenya hutaniana sana na hayo mamlaka ya kusoma, maana tulikuwa tumekwisha kusoma miaka kumi na sita kabla ya kuruhusiwa. Watoto waliokuwa mbele yangu waliyapata mwaka ule ule. Januari walikuwa hawajui herufi. Sasa mmoja wao alikuwa anasoma bango la nyuma kwa sauti, silabi kwa silabi, huku mwalimu akimzuia.

Ikafika zamu ya kuwaita mmoja mmoja. Mwendesha sherehe aliwainamia na maikrofoni awaulize jina na watakuwa nani wakikua: rubani, daktari, polisi. Alipomfikia binti yetu, sijui kwa nini, akabadilisha swali. "Wewe umehitimu nini?"

Mtoto aliinua kofia kutoka machoni kwa mikono miwili.

"Kusoma," akasema. Akafikiri. "Na kufunga viatu. Na kuhesabu mpaka mia moja, lakini sabini huwa inanisumbua."